Fahamu: Kipanya kinapochelewa, usiulaumu mtandao kwanza

Nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini Mei 2024, intaneti ilizorota nchini, Dodoma ikiwemo. Ni rahisi basi kwa mcheza gemu wa jiji hili kuulaumu mtandao kila mshale unaposuasua. Lakini kipanya huzungumza na kompyuta, si na seva. Kipanya cha kawaida cha USB hutuma taarifa mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Cha michezo hufikia mara 1,000 au zaidi. Skrini ya hezi 60 hubadilisha picha kila milisekunde 16.7, ya hezi 144 takriban 7. V-Sync, mpangilio unaolinganisha picha na mwendo wa skrini, nayo huziweka picha zilizokwisha kuchorwa kwenye foleni. Hapo ndipo ucheleweshaji unapojilimbikiza: zima V-Sync, punguza ubora wa picha, na uhakikishe Windows inatumia hezi za juu kabisa za skrini yako.

Wapo watakaosema seva ziko Ulaya au Afrika Kusini, hivyo milisekunde hizi ni kidogo mno. Hoja hiyo ina uzito kwa risasi inayosubiri kuthibitishwa na seva. Ila katika michezo mingi ya kulenga shabaha, mwendo wa mtazamo wa mchezaji ndani ya mchezo huchorwa papo hapo na kompyuta yake. Kuzima V-Sync kunaweza kuipasua picha, lakini kwa mlengaji gharama hiyo inalipika. Kabla ya kununua kifurushi kikubwa zaidi, zima intaneti na ucheze mazoezi ya nje ya mtandao. Kipanya kikiendelea kuchelewa, tengeneza kompyuta.