Jina la sultani haliingii kwenye mizani

MUCOJO, Cabo Delgado – Mfanyabiashara anayeshuka kutoka Mtwara na shilingi mfukoni anajua kwamba akishavuka Ruvuma hanunui kitu mpaka ampate wa kumbadilishia metikali. Tabu hiyo ilikuwapo pwani hii kabla mpaka wenyewe haujachorwa.

Masultani wa Kilwa walitoa sarafu zao, upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zikapatana kwa vina. Nyingi ni za shaba, na nyingi zimeokotwa Kilwa kwenyewe na visiwa vya jirani. Mbali na hapo ni za kuhesabu. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyekuwapo Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, ilipatikana Great Zimbabwe. Nyingine tano, ajabu kubwa, ziliokotwa mwaka 1944 visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Fedha ilisafiri kwa njia nyingine, kwa sababu mwenye mizani hana haja ya kumjua sultani. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ilifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogondogo, zenye majina ya watawala wa mwambao, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo. Aliyezifukia hakurudi kuzichukua.

Karne nyingi baadaye ikaja riale ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780 na uzito wa gramu 28 hivi. Malkia huyo wa Austria hakuwahi kutawala hata jahazi moja huku, lakini riale yake ilipokelewa bandari kwa bandari.

Kisiwani Ibo, kusini mwa Mucojo, masonara waliyeyusha sarafu kuukuu wakafua mikufu na herini. Kazi yao ni nzuri na ina sifa. Ila sonara hulipia uzito, na jina likishaingia motoni halisomeki tena.

Kwa aliyekimbia vita vilivyoanza Oktoba 2017, kipande cha fedha ni akiba inayobebeka, na hakuna wa kumlaumu akikiuza. Lakini ukiletewa sarafu yenye maandishi ya Kiarabu, ipige picha pande zote mbili, andika ilipookotwa, na uionyeshe makumbusho kabla haijafika kwa sonara.