Jirani Anakula Nini?

Ramadhani ikiingia Dodoma, majiko huwashwa jua likiwa bado kali. Kuna magimbi na mihogo ya nazi, kunde, tambi, kaimati na uji wa pilipili manga. Mengi ya mapishi haya yalitoka pwani. Misafara ya Bagamoyo na Tabora ilikatiza Ugogo, yaani eneo hili, kisha Wajerumani wakajenga reli, na watu wa bara na pwani wakazidi kuchanganyika.

Mji huu, hata hivyo, una mizizi mirefu ya Ukristo. Dayosisi ya Anglikana ya Central Tanganyika, yenye makao yake hapa, iliundwa 1927. Sensa haijauliza dini tangu 1967, lakini inafahamika kwamba mjini Waislamu ni wachache kuliko Wakristo, tofauti na Kondoa, kaskazini mwa mkoa. Wasabato nao ni wachache.

Katika hali hiyo, wanawake ndio wanaojua nani anakula nini. Mama Mkristo mwenye harusi humwita Mwislamu achinje, ili majirani wote wale nyama bila wasiwasi. Anayemkaribisha Msabato hapiki nguruwe wala kambale, na anajua kwamba chakula cha Jumamosi huandaliwa Ijumaa, kabla jua halijazama. Elimu hii haina kitabu. Binti huipata kwa mama na shangazi, akichambua mchele wa pilau.

Si jambo dogo. Mwaka 2013 mgogoro wa nani achinje ulizaa ghasia na mauaji mkoani Geita.

Kipo pia chakula kisichomtenga yeyote kati yao: ugali wa mtama au uwele kwa mlenda. Mvua ya Dodoma ni haba na ya msimu mmoja, hivyo wanawake wa Kigogo hukausha majani ya mlenda, huyatwanga na kuyahifadhi kwa kiangazi. Chakula hiki hakihitaji mchinjaji. Mwanglikana, Mwislamu na Msabato huketi kwenye sinia moja.

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, jiji limejaa wageni. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179. Jirani wa leo huenda ni mgeni kabisa. Kwa hiyo kamati za harusi, shule na migahawa ya ofisi ziwape wanawake hawa nafasi ya kupanga chakula tangu siku ya kwanza, badala ya kuwaita tu siku ya kupika na kuosha sufuria.