Tijara ya Hofu na Msimu Wake

Katika bidhaa zote zilizoletwa na ufundi wa picha, ni chache zilizoanza kwa rasilimali haba na kurejesha faida ya kustaajabisha kama sinema za kutisha, hususan zile za muuaji aliyejifunika uso na kushika kisu; na mfano wake mkuu ni Halloween, iliyotengenezwa na John Carpenter mwaka 1978 kwa gharama ya dola 325,000 hivi, ikavuna, kwa hesabu inayotajwa aghalabu, dola milioni 70 ulimwenguni, yaani zaidi ya mara 200 ya kilichotumika. Mwenye duka la sinema katika soko kama Kola, kusini mwa mji wa Machakos, anayejaza flashi za wateja wake kwa malipo ya shilingi chache, hana haja ya kuipenda kazi hiyo ili afaidike kwa kuichunguza.

Urahisi wa Halloween haukuwa wa sadfa. Muuaji hasemi, basi hakuhitaji mchezaji mwenye jina. Kinyago chake kilinunuliwa dukani kwa chini ya dola 2, nacho kilikuwa sura ya William Shatner wa Star Trek, kikapakwa rangi nyeupe na kupanuliwa matundu ya macho. Mji wa Illinois unaosimuliwa ulikuwa vitongoji vya California, tena si majira ya majani kupukutika, hata ikabidi majani yapakwe rangi, yatawanywe barabarani, kisha yaokotwe yatumike tena katika picha iliyofuata. Muziki aliutunga Carpenter mwenyewe. Jamie Lee Curtis alikuwa bado hajulikani, na Donald Pleasence, aliyekuwa mashuhuri, aliajiriwa kwa siku chache tu. Damu yenyewe ni kidogo kuliko wasioiona wanavyodhani. Kinachouzwa pale ni kungoja, na kungoja hakuna gharama ila ya ustadi.

Aliyetoa fedha alikuwa Moustapha Akkad, mzaliwa wa Halab katika nchi ya Sham, ambaye Waislamu wa pwani yetu wanamjua zaidi kwa filamu ya Ar-Risala ya mwaka 1976, iliyosimulia mwanzo wa Uislamu. Mwaka 1981 alitoa Lion of the Desert, habari za Omar Mukhtar wa Libya, kwa gharama ya dola milioni 35 hivi, na mapato yake hayakufika hata sehemu ya kumi ya fedha hizo. Kazi tukufu ilimtia hasara, na kazi ya kisu ikamtajirisha. Nami siioni kuwa ni aibu yake, kwani mwenye mali huwekeza penye soko. Alifariki mwaka 2005 kwa jeraha la mabomu yaliyolipuliwa katika mahoteli ya Amman, na mwanawe akauendeleza mlolongo wa filamu za Halloween, ambao kufikia mwaka 2022 ulikuwa na filamu 13. Ile ya mwaka 2018 iligharimu kiasi cha dola milioni 10 na kupata zaidi ya milioni 250.

Mvuto wa kudumu wa sinema za namna hii, kwa maoni yangu, umo katika kalenda kuliko katika kisu. Jina la sikukuu likiwekwa juu ya kasha, tangazo hujirudia kila mwaka bila malipo: ifikapo tarehe 31 Oktoba, siku ya sikukuu ya Halloween, Wamarekani huitafuta sinema ile kama wateja wa Ukambani wanavyoyatafuta maembe msimu wake unapowadia, bila kuhubiriwa. Bob Clark alitangulia kwa Black Christmas, filamu ya Kanada, mwaka 1974. Na mwaka 1980 Friday the 13th ikaonyesha kwamba hata siku ya nuksi yatosha kuwa tarehe ya mauzo. Mpaka wa mbinu hiyo ulidhihiri mwaka 1984, Silent Night, Deadly Night ilipomvika muuaji nguo za Baba Krismasi: wazazi waliandamana, na kampuni ikaiondoa katika majumba ya sinema.

Basi bidhaa hii ikifika Kola hufika bila msimu wake. Mwisho wa Oktoba ni wakati wa mvua ya vuli, ambayo ndiyo tegemeo la mkulima wa Machakos, na shilingi iliyopo hutiwa katika mbegu ya mahindi na mbaazi, si katika burudani. Fedha huja Desemba, watoto wa nyumbani wanaporejea kutoka Nairobi na Mombasa, nauli za matatu zimepanda, na vijana wana nafasi ya kukesha. Hapo sinema ya Oktoba huuzwa Krismasi, nayo huuzwa kwa hofu yake tupu, kwa kuwa sikukuu iliyoibeba huku haina maana.

Tena kuna kizuizi cha ukumbi. Katika masoko ya Kenya, mabanda ya video yaliyokuwa yakitoza shilingi 10 au 20 yalijengwa juu ya sauti ya mfasiri, na DJ Afro ndiye aliyepata jina kubwa kwa kuzisimulia filamu za mapigano na za Kihindi kwa Kiswahili cha vijana. Sinema ya kungoja haivumilii msimulizi. Akiujaza ukimya, ameiharibu bidhaa yenyewe, na hadhira hucheka palipostahili kutetemeka. Kwa hiyo aina hii imefaa zaidi nyumbani, kwa sidii ya shilingi 50 zamani, na sasa kwa flashi au simu, wakati mabanda yenyewe yameegemea mpira wa Uingereza.

Mshindani wake wa kweli ametoka Naijeria. Tangu Living in Bondage ya mwaka 1992, Wanaijeria wameuza hofu yenye sababu: mali ya haramu, kafara, jirani mwenye husuda, na runinga ya Citizen ikawaingiza sebuleni kupitia kipindi cha Afrosinema. Muuaji wa Carpenter hana sababu wala deni na mtu, na hilo linalomtisha Mmarekani wa kitongoji laweza lisimguse mtazamaji anayetaka kujua ni nani aliyemkosea nani.

Bodi ya Kuainisha Filamu hupanga filamu kwa umri, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inakataza kunakili bila idhini. Lakini flashi haina kibandiko cha idhini, na katika shilingi zinazolipwa kaunta ya soko dogo hakuna senti iendayo kwa warithi wa Akkad. Hasara hiyo wao wataimudu. Asiyeimudu ni mtengenezaji wa Riverwood, yaani tasnia ya filamu za gharama ndogo za Kenya, ambaye kazi yake hunakiliwa kabla hajarudisha fedha ya kukodi kamera, ilhali ndiye mwenye kalenda iliyo wazi mbele yake: Desemba ya basi la usiku, nyumba za mjini zilizofungwa, na boma lililojaa wageni ambao hawajaonana tangu mwaka jana. Kwa kijiji kimoja, kinyago kimoja na wachezaji wasiojulikana, gharama yake ingekuwa ndogo; mauzo ndiyo mashaka, mpaka apatikane mwenye duka atakayekubali kugawana naye zile shilingi za flashi kuanzia wiki ya kwanza ya mwezi huo.