Ni ugonjwa wa ukoo ao ni moshi wa jikoni?

Ndugu wakulima, kwenye mafunzo ya kukausha mahindi mama mmoja aliniuliza swali ambalo halikuhusu mahindi hata kidogo: «Mama yangu alikufa na kikohozi na pumzi fupi. Dada yangu mukubwa ameanza. Sasa mimi nikipanda kilima nasimama mara tatu. Ni kitu cha ukoo?»

Mimi ni agronomu, si munganga. Lakini nililitafutia jibu, juu linagusa kazi yetu.

Kweli, kuna kasoro moja ya mapafu inayorithiwa. Ini letu linatengeneza protini iitwayo alfa-1 antitripsini, njo inakinga mapafu. Mwaka 1963, kule Uswedi, Laurell na Eriksson waligundua watu wanaoikosa. Wengine kati yao mapafu huharibika mapema, zaidi sana wakivuta tumbaku. Ili uikose kabisa, lazima urithi kasoro kwa baba na kwa mama. Inapatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Huku kwetu ni nadra.

Basi kwa nini mama na mabinti wake wote wanakohoa? Tuangalie jiko lao: mafiga matatu, kuni mbichi, hakuna dirisha, mutoto mu mugongo. Walirithiana moshi! Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba moshi wa kupikia uliua watu karibu milioni 3,2 mwaka 2020.

Damu nayo ina sehemu yake: watu wawili wanavuta moshi ule ule, mmoja anagonjwa, mwingine hapana. Ni kama muhogo. Aina inayoshikwa upesi na mozaiki inaweza kukaa nzima kama miti ya kupanda ni safi na inzi weupe hawapo. Aina ya mwili wako huwezi kuibadilisha. Moshi unaweza kuupunguza.

Kausha kuni chini ya paa kabla ya kuzitumia. Toboa dirisha, na juu ya ukuta acha nafasi moshi utoke. Siku bila mvua, pika inje. Mutoto akae mbali na moto. Wakati wa kupiga maharagi, upepo ukupige mugongoni, vumbi liende mbele. Na sigara, muiache kabisa, juu pafu lililoharibika halirudi. Dawa inasaidia tu kupumua.

Kikohozi kikipita wiki mbili, usiseme ni cha ukoo. Uende kituo cha afya wakupime makohozi: inaweza kuwa kifua kikuu, na hicho kinapona na dawa.