Kumzimisha mtu kwa kidole: Ukweli ambao mzazi anapaswa kuujua

Morogoro. Video zenyewe ni fupi, nyingi hazifiki hata dakika moja. Mwalimu aliyefunga mkanda mweusi anamgusa mwanafunzi wake shingoni, chini kidogo ya sikio, na kijana mwenye kifua kipana anaanguka kama gunia. Wenzake wanamdaka na kumlaza chini, mwalimu anampigapiga mgongoni, kijana anaamka akitabasamu.

Video za aina hii hupita kutoka simu moja hadi nyingine. Kijana wa bodaboda anaweza kuitazama akisubiri abiria Msamvu, na mwanafunzi wa sekondari kule Mgeta akaiona jioni kwenye simu ya kaka yake. Wanaozisambaza wanasema mwili wa binadamu una vituo vya siri, na anayevijua anaweza kumzimisha mtu yeyote kwa mguso mmoja, hata awe na nguvu kiasi gani.

Kwa familia, jambo hili si burudani tu. Mzazi anayemlipia binti yake ada ya karate ili ajue kujihami anahitaji kufahamu kama anachofundishwa kitamsaidia siku ya hatari. Na mwenye watoto wanaopenda kuigiza mapigano anahitaji kujua kitakachotokea wakiamua kujaribiana shingoni.

Ukweli ni kwamba mguso wa siri unaomwangusha kila mtu haujathibitika. Lakini shingo, kichwa na kifua ni sehemu za hatari kweli, na watoto wanaoziamini video hizo huelekeza mikono yao hukohuko.

Madai yalikotoka

Wazo la vituo vya siri lina historia ndefu. Tiba ya asili ya China, ikiwamo tiba ya sindano, inafundisha kuwa nguvu ya uhai hupita mwilini katika njia maalumu zenye vituo vyake. Kutokana na mafundisho hayo ikazaliwa simulizi ya dim mak, yaani pigo la kifo, ambalo inadaiwa linaweza kumuua mtu saa au siku kadhaa baada ya kuguswa.

Huko Okinawa, Japani, walimu wa karate walinakili kwa mkono kitabu kiitwacho Bubishi, chenye michoro ya mwili na sehemu za kupiga kulingana na saa za siku.

Afrika Mashariki simulizi hizo zilifika zaidi kwa njia ya filamu. Waliokua wakilipa kiingilio kwenye vibanda vya video, wakisikiliza kanda zilizotafsiriwa na Lufufu, wanamkumbuka mzee mwenye ndevu nyeupe anayemgandisha adui kwa vidole viwili.

Hata kifo cha Bruce Lee kilivishwa simulizi hiyo. Mwigizaji huyo alifariki dunia Hong Kong Julai 20, 1973, akiwa na umri wa miaka 32, na uvumi ukaenea kwamba alikuwa amepigwa dim mak. Uchunguzi ulionyesha kuwa ubongo wake ulikuwa umevimba, na hitimisho rasmi likahusisha hali hiyo na dawa ya maumivu aliyokuwa amekunywa.

Miaka ya karibuni, mtu aliyeyapa madai haya umaarufu mkubwa ni Mmarekani George Dillman, mwalimu wa karate aliyezunguka akiendesha semina za kuwazimisha watu kwa kuwagusa. Baadaye alidai kuwa inawezekana kumwangusha mtu hata bila kumgusa.

Walipojaribiwa

Miaka ya 2000, kipindi cha televisheni cha National Geographic kiliwapa Dillman na watu wake nafasi ya kuonyesha uwezo huo. Wanafunzi wao walianguka kama kawaida. Kisha akaletwa Luigi Garlaschelli, mwanasayansi wa Italia anayechunguza madai ya miujiza. Alibaki amesimama.

Maelezo ya Dillman yalikuwa kwamba huenda ulimi wa mtu huyo ulikuwa umekaa vibaya mdomoni, au kidole gumba kimoja cha mguu kilikuwa juu na kingine chini, jambo ambalo lingeweza kuizuia nguvu isifanye kazi. Maelezo hayo yanastahili kutafakariwa na kila mzazi. Kama mbinu inaharibika kwa sababu ya ulimi wa anayepigwa, haiwezi kumlinda binti anayevamiwa usiku njiani.

Japani, mwaka 2006, mzee Yanagi Ryuken alikwenda mbali zaidi. Mbele ya wanafunzi wake alikuwa akiwaangusha watu wengi kwa kupunga mikono tu, nao walipepesuka na kugaragara. Akaweka dau la fedha kwa atakayemshinda. Mpiganaji mmoja wa mapambano mseto akaukubali mwaliko, na ndani ya muda mfupi mzee huyo alikuwa chini, uso ukitoka damu.

Kinachojirudia katika visa vyote viwili ni kwamba mbinu ilifanya kazi kwa wanaoiamini, ikashindwa kwa asiyeiamini.

Watu wa Mkoa wa Morogoro wana sababu ya kulielewa hilo vizuri zaidi, kwa kuwa historia ya mkoa wenyewe ina somo zito linalofanana nalo. Agosti 30, 1905, wapiganaji wa Majimaji waliivamia boma ya Wajerumani Mahenge, ambayo leo iko katika Wilaya ya Ulanga, wakiwa na imani kuwa dawa ya Kinjikitile ingezigeuza risasi kuwa maji. Imani hiyo iliunganisha makabila mengi na kuwapa watu ujasiri wa kudai nchi yao, na kwa hilo wanaheshimiwa hadi leo. Lakini bunduki za rashasha hazikuijali imani hiyo, na wengi walikufa siku hiyo.

Kwa nini wanafunzi huanguka

Si haki kusema kila anayeanguka kwenye video anaigiza. Wapo wanaoigiza ili kumheshimu mwalimu au kupata watazamaji, lakini wapo pia wanaoanguka kweli.

Mwili hufuata matarajio. Mwanafunzi ameona wenzake kumi wakianguka, amesimama mbele ya umati, moyo unamwenda mbio, na anamheshimu mwalimu kama mzazi wake. Kuanguka ndilo jambo linalotarajiwa. Kubaki amesimama ni kumwaibisha mwalimu hadharani.

Tanzania yenyewe imetoa mfano unaotajwa duniani kote. Januari 30, 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Hali hiyo ikaenea hadi kuwapata wanafunzi 95 kati ya 159, na Machi mwaka huohuo shule ikafungwa. Madaktari waliochunguza hawakukuta sumu wala ugonjwa wa kuambukiza. Wasichana wale hawakuwa wakidanganya. Hofu na msongo viliingia akilini na mwili ukaitikia.

Kuna pia kuzirai kwa kawaida. Mtu mwenye hofu, aliyesimama muda mrefu kwenye joto au anayeona sindano, anaweza kushukiwa na mapigo ya moyo na presha kwa ghafla, damu ikapungua kichwani, akaanguka. Walimu wanaosimamia mistari ya asubuhi wanaijua hali hii. Mwanafunzi wa karate aliyejaa hofu anaweza kuzirai vivyo hivyo, na sifa zote zikaenda kwenye kidole cha mwalimu.

Kinachomwangusha mtu kweli

Morogoro ni nyumbani kwa bondia Francis Cheka, aliyetwaa mkanda wa dunia wa WBF mwaka 2013 kwa kumshinda Mmarekani Phil Williams jijini Dar es Salaam. Mashabiki waliofuatilia mapambano yake wanajua jinsi ilivyo kazi kumwangusha mtu anayejilinda, anayesogea na ambaye hana nia yoyote ya kuanguka.

Ngumi ya kidevuni au kwenye taya humzimisha mtu kwa sababu inakizungusha kichwa ghafla. Ubongo, ulioelea katika majimaji ndani ya fuvu, hubaki nyuma kidogo kisha hujipinda, kama uji mzito ndani ya kibuyu kilichozungushwa kwa nguvu. Kwa muda, mawasiliano ndani ya ubongo huvurugika na mtu hupoteza fahamu. Hapo hakuna siri, ni jeraha la ubongo.

Shingoni, kila upande, upo mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo. Ikibanwa yote miwili kwa pamoja, kama kwenye kabali ya judo, mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya sekunde kumi hivi. Ndiyo maana judo ina mwamuzi, na anayebanwa ana haki ya kugonga kwa mkono ili aachiwe mara moja.

Katika mshipa huohuo kuna sehemu inayopima presha ya damu. Ikikandwa inaweza kupunguza mapigo ya moyo. Labda hapa ndipo penye chembe ya ukweli katika madai ya vituo vya siri. Lakini kwa kijana mwenye afya athari yake kwa kawaida ni ndogo, na madaktari wanapoikanda kwa sababu za kitabibu hukanda upande mmoja tu huku wakiufuatilia moyo kwa mashine.

Pigo la kifuani nalo limewahi kuua vijana wenye afya kabisa, hasa kwenye michezo kama besiboli. Linapotua juu ya moyo katika sehemu ndogo sana ya sekunde, kati ya pigo moja la moyo na lingine, mpangilio wa umeme wa moyo huvurugika na moyo huacha kusukuma damu. Hakuna mwalimu anayeweza kulenga sehemu hiyo ya sekunde kwa makusudi. Ni ajali, na haifundishiki.

Shingo si ya kuchezea

Hatari kubwa kwa watoto ni kwamba wanaamini kuzima ni kama kulala na kuamka. Kwenye video kijana anaamka akitabasamu, basi wanadhani haina madhara.

Pigo au kabali ya shingo inaweza kuchana ukuta wa ndani wa mshipa wa damu. Damu ikiganda hapo na kipande kikapanda kichwani, matokeo yake ni kiharusi, hata kwa kijana, na wakati mwingine siku kadhaa baada ya tukio. Michezo ya kukabana koo hadi mtu azimie imeua watoto katika nchi mbalimbali.

Kwa familia za milimani hatari inaongezwa na umbali. Kutoka Tchenzema au Kinole hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Morogoro ni safari ya kushuka mlima, na masika barabara huteleza. Mtoto mwenye damu inayovuja ndani ya fuvu hana muda huo.

Maswali ya kumuuliza mwalimu

Haya yote hayana maana kwamba mtoto asijifunze karate, judo au ngumi. Mazoezi haya yanajenga mwili, nidhamu na kujiamini. Goju-ryu imefundishwa nchini tangu miaka ya 1970, alipoianzisha Mmarekani Nantambu Camara Bomani jijini Dar es Salaam, na vijana wengi wamelelewa vizuri humo.

Kabla ya kulipa ada, mzazi akae aangalie mazoezi mara moja au mbili. Je, wanafunzi hupimana na mwenzao anayepinga kweli, au kila mmoja huanguka akiguswa? Mbinu ikishindwa, mwalimu anakubali, au analaumu imani ya mwanafunzi? Watoto wanazuiwa kupigana kichwani na kukabana? Kuna anayejua huduma ya kwanza?

Kwa binti, mafunzo yanayofaa ni yale yanayomfundisha kuona hatari mapema, kupiga kelele, kujinasua na kukimbilia penye watu. Mtoto anayefanyiwa ukatili, au anayeujua, anaweza kupiga namba 116 bila malipo, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto.

Mtoto akizimia

Mlaze mahali tambarare. Kama anapumua na hakuna dalili kuwa ameumia shingo, mgeuze alale ubavu. Usimmwagie maji, usimtikise, usimpe chochote cha kunywa. Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta usafiri.

Hata akiamka, asirudi mchezoni siku hiyo. Mpeleke hospitali haraka akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kumuuma, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa, akipata degedege, au majimaji yakitoka puani au masikioni. Maumivu ya shingo yasiyoisha, mdomo kwenda upande, maneno kukwama au mkono mmoja kulegea ni dharura, hata kama tukio lilikuwa wiki iliyopita.

Na mtoto aelezwe mapema kwamba hatapigwa akisema ukweli. Daktari anahitaji kujua kama alikabwa, alipigwa au alianguka mwenyewe, na watoto wanaoogopa fimbo husema walianguka.