Stempu kama Matini ya Ujirani

Stempu ya ukumbusho ni matini fupi yenye picha, thamani na maneno machache. Tangu katikati ya miaka ya 1960, stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanzania zilibeba majina yote matatu, mpangilio ukibadilika baina ya stempu. Hivyo hapakuwa na nchi iliyotangulia daima. Mnamo mwaka wa 1976, stempu za mawasiliano ya simu na za reli zilitolewa kwa picha zilezile, ila kila nchi iliandika jina lake pekee. Mwaka uliofuata, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Anayehakiki urafiki wa mataifa, basi, asiishie kwenye picha. Picha zilibaki ndugu. Majina ndiyo yaliyotangulia kuagana.