Jinsi ya kukadiria upoaji wa kompyuta kwa maji kabla ya kununua vifaa

KUPOZA kompyuta kwa maji hugharimu pesa nyingi, na anayekosea aghalabu hugundua kosa lake baada ya kulipia vifaa. Hata hivyo, takwimu za vifaa humwezesha mnunuzi kukadiria mapema, kwa kalamu na karatasi, prosesa yake itapata joto kiasi gani.

Hesabu huanza na umeme. Tuseme prosesa hutumia wati 150, kadi ya michoro wati 230 na pampu wati 20. Umeme huo hugeuka kuwa joto, ukiwemo ule wa pampu ambao wengi huusahau. Maji basi yatabeba takriban wati 400.

Joto hilo hutolewa na rejeta, ambayo hufanya kazi kama ile ya gari. Ikiwa rejeta hutoa wati 40 kwa kila nyuzi moja ambayo maji yamezidi hewa ya chumba, maji yatatulia nyuzi 10 juu ya hewa hiyo. Katika chumba chenye nyuzi 28 yatafika 38. Ndiposa mkazi wa Mombasa hawezi kupata matokeo ya mwenzake wa Limuru, hata wakitumia vifaa vilevile.

Kisha huja kibamba cha shaba kinachokaa juu ya prosesa. Kikiongeza nyuzi 0.2 kwa kila wati, wati 150 zitaongeza nyuzi 30, na prosesa itafika 68.

Wanunuzi wengi hupotoshwa na pampu. Pampu maarufu aina ya D5 hutangazwa kuwa husukuma lita 1,500 kwa saa na kuinua maji mita 3.9. Mambo hayo mawili hayatokei kwa pamoja kamwe: lita hizo hupatikana pasipo kizuizi chochote, nazo mita hizo hupatikana maji yakiwa yamesimama. Ukweli umo kwenye grafu, pale mchirizi wa pampu unapokatana na ule wa vizuizi vya kibamba, rejeta na mipira. Mwendo wa maji ukiongezeka maradufu, shinikizo linalohitajika huongezeka karibu mara nne. Kwa hivyo pampu ya pili haileti maji maradufu.

Wala hayahitajiki. Kwa lita 4 tu kwa dakika, wati 400 hupandisha joto la maji kwa nyuzi moja na nusu hivi katika mzunguko mzima. Ubishi kuhusu kifaa kipi kitangulie hauna uzito mkubwa, na pesa za pampu ya pili zingefaa zaidi kwa rejeta kubwa.

Tahadhari ni kuhusu feni. Takwimu ya rejeta huambatana na kasi fulani ya feni, na anayezipunguza ili kuepuka kelele sharti atafute takwimu ya kasi hiyo ndogo kabla ya kupiga hesabu.